Gia Moja na Frii Yake: Baiskeli ya Tabora na Mizani ya Shairi

Katika miji ya matajiri umezuka, tangu miongo ya mwisho ya karne ya ishirini, mtindo wa kuichukua baiskeli ya mashindano yenye thamani kubwa na kuivua karibu kila kitu kilichoipa thamani hiyo. Huondolewa gia zote za nyuma. Huondolewa kile kidude kinachouhamisha mnyororo kutoka gia hii hadi ile. Huondolewa waya na vishikio vyake, na wapo wanaoondoa hata breki. Badala ya vyote hivyo hutiwa gia moja nyuma, nayo hukazwa na gurudumu moja kwa moja, hata gurudumu linapozunguka pedali hazina budi kuzunguka nalo. Mwendeshaji hana ruhusa ya kutuliza miguu. Akiteremka mlima miguu huenda, akikata kona miguu huenda, na akitaka kusimama hulizuia gurudumu kwa nguvu za mapaja yake. Waliouanza mtindo huu walikuwa matarishi wa New York na San Francisco, watu wa kazi na wa ujira mdogo. Waliouendeleza ni watu wa aina nyingine, wenye fedha za kununua kwanza kile watakachokiondoa baadaye. Wao huiita kazi hiyo usafi.

Tabora nako baiskeli huvuliwa. Baiskeli za mitumba zitokazo ng'ambo hufika zikiwa na gia kumi na nane au ishirini na moja, na hazimalizi misimu mingi zikiwa nazo. Vumbi la njia za Sikonge na Urambo huingia mnyororoni, springi hulegea, waya hukatika, na kipuri cha badala hakipatikani, au hupatikana kwa bei isiyolingana na kazi ya chombo. Basi fundi akaaye chini ya mwembe, na kisanduku chake cha spana, solusheni na viraka, huukata mnyororo, huutoa utumbo wote ule wa gia, hufunga gia moja, na mwenye mali huondoka na chombo kisichotofautiana sana na Raleigh ya Kiingereza au Phoenix ya Kichina aliyoizoea babu yake. Kwa mtazamaji wa mbali kazi hizi mbili ni moja. Yule wa mjini kwa matajiri kapunguza na huyu wa Unyamwezini kapunguza. Wote wawili wameishia kwenye gia moja.

Ila fundi wa Tabora haigusi frii.

Tofauti hiyo ndogo, ya vijino viwili vya chuma visivyofika ukubwa wa ukucha, yafaa kuangaliwa na wapenzi wa ushairi wa Kiswahili. Mabishano ya zaidi ya nusu karne juu ya vina na mizani yameendeshwa kana kwamba shairi la arudhi ni baiskeli iliyofungwa gurudumu. Waliolipenda wamelisifu kwa kufungwa huko, na waliolikimbia wamelikimbia kwa sababu iyo hiyo. Shairi lenyewe, kabla ya kuingiliwa na pande hizo mbili, lilikuwa la gia moja yenye frii.

Frii ni nini? Ndani ya gia ya nyuma mna duara lenye meno yaliyolala upande mmoja, na vijino vinavyosukumwa na springi nyembamba kama unywele. Mguu ukikanyaga, vijino huuma na gurudumu husukumwa. Mguu ukitulia, vijino huteleza juu ya meno, vikitoa ile sauti ya tiki-tiki ambayo kila mtoto wa pwani na wa bara anaijua, na gurudumu huendelea na safari kwa nguvu lililokwisha kupewa. Si breki, wala si gia ya ziada. Haiongezi mwendo na haipunguzi mzigo. Humpa mwendeshaji jambo moja tu, nalo ni kupumzika bila ya safari kusimama.

Baiskeli za mwanzo hazikuwa nayo. Ile ya John Kemp Starley iliyoitwa Rover, ya mwaka 1885, ambayo ndiyo mama wa baiskeli zote za leo kwa umbo, ilikuwa na gurudumu lililofungwa. Frii ilienea mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na mwaka 1903 Mjerumani Ernst Sachs akaleta haba yake ya Torpedo, ambayo ndani yake frii na breki ya kurudisha pedali nyuma vilikaa chumba kimoja. Si kila mtu alipendezwa na raha hizo. Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka huo huo wa 1903, alizipinga gia za kubadilika kwa ukali wa mtu wa madhehebu, na hazikuruhusiwa katika mashindano yake mpaka 1937. Kabla ya hapo mshindani aliyefika chini ya mlima alishuka, akalifungua gurudumu la nyuma, akaligeuza ili atumie gia ya upande wa pili, akalikaza tena, akapanda. Desgrange mwenyewe alipata kuendesha kilomita 35.325 kwa saa moja huko Paris, mwaka 1893, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema juu ya taabu ya miguu. Hata hivyo yafaa kukumbukwa kwamba miaka ile aliyoikataza gia alikuwa mhariri wa gazeti, na miguu iliyokuwa ikiungua milimani ilikuwa ya watu wengine. Wahakiki wa ushairi hawakukosa watu wa namna yake.

Lipo jambo jingine katika kuivua baiskeli ya thamani ambalo wengi hawalitambui mpaka wamekwisha nunua vifaa. Baiskeli isiyo na kile kidude cha kuhamisha mnyororo haina cha kuukaza mnyororo isipokuwa gurudumu lenyewe, kwa kulivuta nyuma kidogo kidogo mpaka mnyororo ukae sawa. Fremu za zamani, na zile za kazi, zina mwanya wa kulala unaopokea ekseli. Gurudumu husogea ndani yake mbele na nyuma. Fremu za mashindano za siku hizi, za aluminiamu au za nyuzi za kaboni, zina mwanya wa kusimama: ekseli huingia kutoka chini na kukaa mahali pamoja, haisogei hata upana wa uzi. Kwa hiyo baiskeli iliyogharimu fedha nyingi ndiyo inayokataa kufungwa gurudumu, na Phoenix iliyobeba mkaa kwa miaka kumi ndiyo inayokubali kwa dakika chache. Anayeshikilia kuifunga ile ya thamani hulazimika kutafuta hila. Hujaribu gia zenye meno ya idadi mbalimbali, moja baada ya moja, hadi mnyororo utokee kukazika kwa bahati, au hupachika pingili nusu. Mnyororo kwa kawaida hupunguzwa kwa pingili mbili, ya ndani na ya nje, sawa na milimita 25.4, pingili nusu humpa fundi milimita 12.7. Ni hila halali. Ila mnyororo wenye hila nyingi, gurudumu likiwa limefungwa na mwendo ukiwa mkali, ukichomoka huvunja mguu.

Mshairi atakuwa ameshaiona inkisari ikitokeza. Itafikiwa, kwanza njia ya Tabora.

Njia hiyo, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo mpaka Unyanyembe na kutoka hapo mpaka Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita elfu moja, na karne ya kumi na tisa nzima iliendeshwa kwa miguu ya watu. Mbung'o walikataza wanyama wa kubebea katika sehemu kubwa yake. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kwa frasila, na frasila mbili, yaani kilo thelathini na mbili hivi, ndizo zilizokuwa kiasi cha kawaida cha bega moja. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kuwa fani. Kijana aliyekuwa hajashuka pwani na kurudi alihesabiwa bado mtoto. Burton aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1857 pamoja na Speke, ameeleza namna msafara ulivyokwenda: kirangozi mbele na bendera nyekundu, nyuma yake wabeba pembe za ndovu, kengele ya ng'ombe ikining'inia kwenye ncha ya pembe. Wapo pia waliotembea njia hiyo bila hiari yao na shingo zao katika minyororo, na habari yoyote ya muziki wa njia ile isiyowataja hao huwa imepungua.

Wapagazi waliimba. Kirangozi alitoa kauli, msafara ukaitika, na katika muda wa kuitika yeye alivuta pumzi. Kisha akatoa nyingine, nao wakavuta pumzi. Hatua za miguu hazikusimama, kwa kuwa mzigo wa kilo thelathini hautuliwi kila mara mtu achokapo. Kuutua na kuutwika upya kuna taabu kuliko kuendelea. Lakini sauti ilipewa mahali pa kutulia, na sauti ikitulia kifua hupumzika, na kifua kikipumzika miguu hupata nafuu isiyoonekana. Waliobeba mizigo ya biashara ya Unguja kwa kizazi baada ya kizazi walijua kwamba mwendo usiokatika hauwezekani ila kwa sauti inayopokezana.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na mabega ya wapagazi yakapungukiwa na kazi. Njia za pembeni, ambazo reli haikuzifikia, zilikuja kurithiwa na baiskeli. Hata baada ya pikipiki za bodaboda kuenea, magunia ya mkaa, madumu ya maji ya lita ishirini, asali ya misitu ya miombo na majani ya tumbaku bado hupita njia hizo juu ya keria, na uzito wake hupita frasila mbili mara kadhaa. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini fundi haigusi frii. Mtu mwenye madumu manne nyuma yake, akianza kuteremka kuelekea mtoni na gurudumu likiwa limefungwa, atazungushwa miguu na mzigo wake mwenyewe mpaka aanguke. Gurudumu lililofungwa ni anasa ya asiyebeba kitu.

Katika njia hii hii ya misafara alitokea mtu aliyeandika kitabu cha sheria. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, kisha waziri katika serikali ya Tanganyika huru, akafariki 1964 akiwa na miaka arubaini tu. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954. Jirani yake katika njia hiyo, kwa maana ya ramani, ni Mathias Mnyampala wa Ugogo, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, mtunzi wa ngonjera na mlinzi mwingine mkali wa vina. Ni jambo la kushangaza kidogo, na wahakiki wa visiwani hawakulitazama vya kutosha, kwamba sheria za kutunga shairi hazikuandikwa Mvita wala Lamu wala Unguja. Huko hazikuhitajiwa. Mtoto wa Mvita aliyasikia mashairi ya Muyaka yakiimbwa kabla hajajua kwamba yana mizani. Mizani ilimwingia kwa sikio. Mtoto wa Ujiji na wa Tabora alipewa Kiswahili na njia ya misafara, lakini mashairi mengi aliyapata kwa gazeti. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilimfikia kwa reli, shairi likiwa limechapwa katika safu nyembamba, bila sauti. Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji kuambiwa: hesabu nane, kata, hesabu nane.

Kwa sababu hiyo yafaa Amri Abedi asomwe kwa haki zaidi kuliko alivyosomwa na wafuasi wake na wapinzani wake. Kitabu chake hakikusimama kwenye hesabu. Kinalichukua shairi kuwa ni wimbo, na kuimbika kuwa ni sharti la kuwapo kwake. Hesabu ya mizani imewekwa ili wimbo usikwame kooni. Sheria zile zina gia moja, hilo halina shaka, na mtu aweza kumlaumu kwa kuifanya gia hiyo kuwa ndiyo gia ya Waswahili wote. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, amemjibu kwa kuonyesha wingi wa bahari na tungo ambazo sheria hizo haziwezi kuzimeza. Lakini frii imo. Aliyeisoma kanuni ya mizani na kuiacha kanuni ya kuimbika ndiye aliyeichomoa, si Amri.

Frii ya shairi iko wapi basi? Ya kwanza iko katikati ya mshororo. Tarbia ya kawaida ina mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na baina yake pana kituo. Kituo si nukta ya kupumulia tu kama wanavyofundishwa wanafunzi. Kina cha kati kinapogongwa sikio huwa limekwisha ahidiwa kina cha pili, na ahadi hiyo ndiyo nguvu inayoendelea kulizungusha gurudumu wakati ulimi umetulia. Utazame mshororo huu, uliotungwa kwa ajili ya mfano tu:

Mzigo wa mabegani, haungoji barabara

Anayeusoma kwa macho ataona mizani nane, mkato, mizani nane. Anayeughani atalivuta lile -ni kwa muda wa mizani mbili au tatu zisizoandikwa popote, na katika mvuto huo neno "mabegani" linapata uzito ambao karatasi haikuupa. Mizani iliyohesabiwa ni kumi na sita. Iliyoimbwa ni zaidi. Aliyesema arudhi inamnyima mtunzi nafasi hakuihesabu nafasi hiyo, kwa kuwa haina herufi.

Ya pili iko kwenye kibwagizo. Wasomaji wa kimya hukiona kibwagizo kuwa ni uvivu wa mtunzi aliyeishiwa na la kusema katika mshororo wa nne. Katika kuimba, mshororo huo ni wa watu wote. Mwimbaji hupokonywa shairi na wasikilizaji, akapumzika, akarudishiwa. Ni yule yule kirangozi na msafara wake. Ya tatu ni ya vyombo. Siti binti Saad na wenzake, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zao katika santuri, walikuwa na udi na fidla za kulibeba shairi baina ya ubeti na ubeti, na aliyezisikiliza santuri hizo anajua kwamba ubeti unaofuata huanza ukiwa tayari una mwendo.

Toa mahadhi, toa kibwagizo kinachoitikiwa, toa kituo kinachovutwa. Acha hesabu peke yake. Umekwisha kuwa na gurudumu lililofungwa. Kila mizani hukanyagwa, hakuna inayoteleza, na msomaji hufika ubeti wa sita hoi bila ya kujua kilichomchosha. Hivi ndivyo yalivyo mashairi mengi ya magazetini ya miongo ya karibuni, na ndivyo yalivyo mengi yanayopelekwa kwenye mashindano. Hayana kosa. Mizani imetimia, vina vimetimia, hakuna awezaye kuyaita guni. Yamevuliwa kila kitu ila sheria.

Hapo inaingia ile pingili nusu. Inkisari na mazida ni hila za zamani na za heshima, na lugha yenyewe ndiyo iliyozifundisha. Mtu akitaka kusema "ameutua mzigo wake" ana mizani kumi. Akisema "kautua mzigowe" anazo nane, na hajalitesa neno lolote. "Mzigowe" ni neno la watu, lasemwa Mvita na Pemba bila ya nia ya kutunga. Lakini aliyejifunza kwa hesabu tu, asiyeisikia lugha hiyo, hukata popote penye ziada. Hutokea kwake "ametuwa mziwe", na akiulizwa hujibu kwamba ni inkisari. Huyo amepachika pingili nusu tatu katika mnyororo mmoja. Fremu yake ilikuwa na mwanya wa kusimama: wazo lake lilitungwa katika lugha ya ofisi na ya hotuba, lenye maneno yasiyosogea, kisha likalazimishwa kuingia katika gia moja. Wala haifai kulaumiwa lugha ya ofisi kwa hilo. Ina mashine yake.

Ajabu iliyopo katika mitihani ya sekondari, Kenya na Tanzania, ni kwamba hila hizo huulizwa chini ya jina la uhuru wa mshairi. Mwanafunzi huambiwa ataje mifano ya uhuru huo, naye huorodhesha inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Ni kana kwamba fundi akiulizwa baiskeli hii ina uhuru gani, aonyeshe pingili nusu. Uhuru wa shairi lile ulikuwa katika kituo na katika kuitikiwa, na hayo hayaulizwi, kwa sababu chumba cha mtihani ni chumba cha kimya. Mtoto wa Tabora leo aweza kupata alama zote za ushairi bila ya kuwahi kulisikia shairi moja likighaniwa. Babu wa babu yake, aliyebeba frasila mbili mpaka Bagamoyo na asiyejua kusoma, hakuwa na upungufu huo.

Waliovunja gurudumu zima katika miaka ya sabini hawakuwa wajinga wa mambo haya. Kezilahabi na Kichomi chake cha mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi na Malenga wa Bara wao wa 1976, walilikuta shairi lililokwisha kuchomolewa frii na kutembezwa kwenye sherehe na mikutano kusifu siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Waliona miguu inayozungushwa na mzigo. Kulikataa shairi la namna ile kulikuwa na maana, na walio bora kati ya mashairi yao wana pumzi yao wenyewe iliyopimwa kwa masikio. Mulokozi na Kahigi waliendelea kutunga kwa njia zote mbili. Kosa limekuja kwa waigaji, na waigaji wao ni wengi kama waigaji wa Amri. Hawa huichukua tarbia isiyowashinda, huivunja mishororo yake kama ngazi, neno moja hapa na mawili pale, wakadhani wameshaifungua. Kuivunja mishororo si kutia frii. Baiskeli isiyo na mnyororo nayo humpumzisha mwendeshaji miguu, ila mpaka mwisho wa mteremko tu.

Yupo mtu wa tatu wa kuzingatiwa, naye pia alipita Tabora, kwanza akiwa mwanafunzi, kisha mwalimu: Julius Nyerere. Tafsiri zake za Shakespeare, Julius Caezar ya mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969, ni za ushairi usiofungwa kwa vina. Miaka mingi baadaye, alipovifasiri vitabu vya Injili vilivyotoka 1996, alivitia katika utenzi wa mizani nane. Wapenda kupanga watu katika makundi hawajui wamweke wapi. Lakini ukitazama kazi inayobebwa, uamuzi wake ni wa fundi. Mtu wa Shakespeare husimama jukwaani akabishana, na maneno yake yanakata kushoto na kulia. Kina kingemfanya ajibiwe kabla hajamaliza. Injili ni hadithi ndefu inayokusudiwa kukaririwa na watu wengi pamoja, hata wasio na kitabu, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti huishika kumbukumbu mkono. Kwamba kila tafsiri imefanikiwa sawa ni jambo jingine. Utenzi ule una mahali pengi panapokanyagwa kwa nguvu za mtafsiri tu, na msomaji wa visiwani aliyelelewa na tenzi za kina Hemed Abdallah ataona upungufu wa mafuta. Hata hivyo swali aliloanza nalo Nyerere, mzigo gani na njia gani, ndilo lililokosekana katika mabishano ya wenzake.

Linakosekana pia kwa wale wa New York na London. Baiskeli ya thamani iliyofungwa gurudumu haikatazwi, na wapo wanaoiendesha kwa ustadi unaopendeza macho. Wajapani wanayo mashindano yao ya keirin tangu 1948, ya baiskeli za namna hiyo zisizo na breki, na kiwanja kimejengwa kwa ajili yake, kuta zake zimeinamishwa, mteremko haupo, gari halipo. Mahali pale gurudumu lililofungwa ni la haki. Vivyo hivyo ipo michezo ya maneno ambayo hesabu tupu ndiyo uzuri wake, kama mafumbo ya kujibizana ambayo mtunzi hushindana na mtunzi kwa vina vigumu. Haiwi haki pale kiwanja kinapotolewa kuwa mfano kwa mtu wa Sikonge mwenye gunia la mkaa, au mafumbo ya mashindano yanapotolewa kuwa kipimo kwa kijana anayetaka kusema juu ya baba yake aliyekufa.

Waandaaji wa mashindano ya mashairi, ambao katika miaka hii wamekuwa wengi na zawadi zao zimekuwa nono, wangeweza kuanza na jambo dogo. Fundi wa Tabora akimaliza kazi huinua nyuma ya baiskeli kwa mkono mmoja, huzungusha pedali kwa mkono wa pili mara tatu au nne, kisha huiachia na kusikiliza. Hahesabu meno ya gia; hayo alikwisha yahesabu kabla ya kufunga. Mashairi kumi yaliyobaki katika mchujo wa mwisho, badala ya kupelekwa kwa majaji katika bahasha, yangeitiwa watunzi wake ukumbini, au waghani kama watunzi hawana sauti, na kibwagizo kikaachiwa watu walioketi. Majaji wakae na kalamu zao zimefunikwa mpaka ubeti wa mwisho. Ukumbi ukikaa kimya kwenye kibwagizo cha pili na cha tatu, hapana haja ya kurudi kwenye karatasi kutafuta mizani iliyopotea.